Swali la Kabla ya Kulala

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyumba ya pili kutoka kwa fundi majokofu,
hatukulala kabla ya kuulizwa.
Dua ikiisha, mama husimama kizingitini,
kanga kiunoni, sauti ya mwalimu wa zamu:
"Mbaruku, mlango uko wapi?"
"Huo hapo, mama."
"Fumba macho. Mlango uko wapi?"

Mbaruku, kafumba, anaonyesha kabati.
Tunacheka mpaka chandarua kinatikisika.

Yeye hacheki.
"Ufunguo?"
Msumarini, kulia, usawa wa kifua changu.
"Nani anambeba Riziki?"
Mimi.
"Na nikiwa sipo?"
Hapo tulinyamaza.
"Nimeuliza. Na nikiwa sipo?"

Majirani walimwita Mama Balaa.
Walisema, mwenye kumtaja nyoka humwita.
Akaendelea kupeta mchele wake, asijibu,
maana jibu alikuwa nalo ndani, limejilaza kitandani:
baba, na mkono wake mmoja.

Ule mwingine uliliwa na korona ya mkonge,
zamu ya asubuhi, chai haijapoa.
Lakini mama hakuilaumu korona.
Chuma ni chuma, alisema, hakina kosa wala huruma.
Alichohesabu yeye ni hatua.
Kutoka aliposimama karani Kihiyo hadi kwenye swichi:
nne.
Watu tisa walikuwapo, watu wazima na akili zao,
midomo wazi, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.
"Si waoga wale," alisema.
"Hawakuwahi tu kufika pale
kabla siku haijafika."

Neno hilo nililibeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Kisha ukaja usiku wa Machi,
joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Niliamshwa na harufu.
Si moshi. Kitu kama yai viza.
Panya alikuwa ameutafuna mpira wa gesi
na jiko lote lilikuwa likipumua kimya kimya.

Mama yuko ukumbini, amesimama.
Mama wa maswali, mama wa hatua nne,
mkono umenyooka gizani,
kidole shubiri moja kutoka swichi ya taa,
haendi mbele, harudi nyuma.
Macho yapo. Mwenyewe hayupo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Sitasema uongo: magoti yalikuwa uji,
moyo ukitwanga kama mchi kwenye kinu kitupu.
Lakini mdomo ulikuwa na njia yake,
iliyokanyagwa usiku baada ya usiku
mpaka majani yakakataa kuota:
"Mama. Mlango uko wapi?"

Akageuka, polepole, kama aliyeitwa kutoka ng'ambo.
"Ule... ule pale."
"Ufunguo?"
"Msumarini."
"Taa usiwashe. Nani anambeba Riziki?"
"Wewe," akasema,
na sauti yake ikarudi mwilini.

Baba aliifunga koki kwa mkono uliobaki.
Mbaruku, kafumba macho kwa woga wa kweli,
akaupata mlango. Safari hii si kabati.

Tulikaa kwenye baraza ya fundi majokofu hadi adhana,
wote watano, kanga mbili.
Mama alikuwa akikitazama kidole chake
kama kitu alichoazimwa.
"Kumbe na mimi," akasema.
Hakuongeza neno, nasi hatukumdai.

Yapo ambayo hakutuuliza.
Siku aliyotutoka, wodini Bombo,
milango niliiona yote, nikaihesabu,
sikujua upi ni wa kutokea.

Sasa wangu wawili wamelala Chumbageni,
au wanajifanya wamelala.
Nasimama kizingitini. Mlango wameupata,
ufunguo wameupata, kwa kicheko.
"Na nikiwa sipo?"

Wananyamaza.
Siwaharakishi.
Nami bado nalitafuta.